Juu ya nini magari yetu yanajengwa kwa jirani?



Mutakumbuka mabishano ya siku ya tano iliyopita katika chumba cha darasa la sita. Kichwa kilikuwa: "Je, Kongo inaweza kujenga magari yake?" Upande wa "ndiyo" walipigiwa makofi mingi. Walisema: shaba iko kwetu, kobalti iko kwetu, watu wetu wanapita milioni mia moja, na hapa Base kuna hangari kubwa na kiwanja cha ndege ambacho Wabelgiji walijenga nyuma ya vita ya pili ya dunia. Tena gare ya Kamina haiko mbali: reli inaenda Lubumbashi, inaenda Ilebo, inaenda Kabalo mpaka Kalemie. Basi kunakosa nini? Kunakosa mukubwa mumoja wa kusema "anzeni"!

Mimi nilikuwa upande wa "hapana" na tulishindwa. Siandike hapa juu ya kulipiza. Ninaandika kwa sababu nyuma ya mabishano niliona kama sisi wote, walioshinda na walioshindwa, tulikuwa tunajibu ulizo ambalo halikuwa ulizo lenyewe. Tulisema juu ya shaba, akili, hangari. Hakuna mutu hata mumoja aliyetaja duane.

Siku ya posho mwalimu wetu mumoja alinifundisha kusoma namba ya shasi. Gari mupya ya leo iko na namba moja yenye alama 17, herufi na tarakimu, na zile za mwanzo zinasema ilijengwa wapi. Ikianza na J, ni Japani. W ni Ujerumani. Kutoka AA mpaka AH ni Afrika ya Kusini. Nilichukua karatasi, nikaenda kando ya soko, nikaomba ruhusa kwa wenye magari. Wawili walinifukuza, waliwaza kama mimi ni mutu wa kodi. Wengine walicheka, wakafungua mulango. Nilisoma gari tisa. Nne hazikuwa na alama 17; zilikuwa na namba fupi yenye kistari katikati, namna ya gari ambazo zilitumiwa kwanza na Wajapani wenyewe kwao, kiisha zikauzishwa Afrika, na zote nne volani yao ilikuwa mukono wa kuume. Mbili, Land Cruiser, zilianza na J. Moja namba ililiwa na kutu. Na mbili za mwisho, Hilux zote mbili, zilianza na AHT.

AHT si Japani. Ni Toyota ya Durban, Afrika ya Kusini. Kule Durban wanajenga Hilux ya volani ya kuume kwa ajili yao wenyewe, na ya volani ya kushoto kwa ajili ya watu kama sisi ambao tunapita upande wa kuume wa njia. Basi mwenye ile Hilux, ambaye aliniambia kwa sifa "hii ni Japani ya kweli, mutoto wangu", alikuwa na gari ya jirani, na hakujua. Na mimi pia sikujua.

Ulizo lenyewe njo hili: kompanyi kubwa, yenye kiwanda kikubwa kwao, juu ya nini inavuka bahari na kujenga katika inchi ya tatu, mara nyingine katika inchi ambayo watu wake wenyewe hawanunui gari nyingi, ili iuzishe kwa inchi ya kando? Nilitafuta mufano, nikapata mumoja ambao uko karibu na sisi kuliko nilivyowaza.

Ni Botswana. Katika miaka ya 1990 Botswana ilikuwa na watu kama milioni moja na nusu tu. Hata kama kila jamaa ingenunua gari, kiwanda kingemaliza kazi upesi na kulala. Lakini mwaka 1993 kule Gaborone kulianza kiwanda cha kuunganisha gari za Hyundai, gari za Korea, na baadaye hata Volvo za Sweden. Kilikuwa cha Motor Company of Botswana. Nani alikuwa akinunua? Afrika ya Kusini! Huko kulikuwa watu wapata milioni 40, na wengi wenye mushahara. Tangu 1910 Botswana na Afrika ya Kusini wako katika chama kimoja cha duane, pamoja na Lesotho, Swaziland (leo Eswatini) na Namibia ambayo iliingia mwishoni. Ndani ya chama kile muzigo uliotengenezwa kwa mumoja unapita kwa mwenzake bila kulipa duane.

Sasa muangalie hesabu. Mbele ya 1995, gari iliyomalizika ikifika Afrika ya Kusini kutoka ngambo, duane ilikuwa 115 kwa mia. Gari ya dola 20,000 inakuwa ya 43,000 mbele hata ya kuwekwa esanse. Lakini gari ile ile ikifika Gaborone kwa vipande, ikafungwa vizuri pale, ikavuka mupaka, inavuka kama mutoto wa nyumbani. Kompanyi haikuchagua Gaborone kwa sababu Watswana walizaliwa na akili ya mashini kupita watu wa Johannesburg. Ilichagua Gaborone kwa sababu ya mustari mumoja wa sheria, na nyuma ya mustari ule kulikuwa soko la watu milioni 40.

Ilienda vizuri sana. Kwa miaka kadhaa magari yakawa kitu cha pili ambacho Botswana iliuzisha inje, nyuma ya almasi. Fikirini: inchi ya ngombe na almasi inauzisha magari! Wajenzi wa magari wa Afrika ya Kusini walilia. Walisema: hawa wanapita kwa dirisha. Na mwaka 1995 Afrika ya Kusini ikaweka sheria mupya: duane ya gari iliyomalizika ikashuka mpaka 65 kwa mia, na ilipangwa ishuke kila mwaka mpaka 40 kwa mia mwaka 2002. Kila mara duane iliposhuka, faida ya kupita Gaborone ilipungua. Kompanyi ilikuwa na madeni mingi vilevile. Mwanzo wa mwaka 2000 kiwanda kilifungwa, na mamia ya wafanyakazi wakarudi nyumbani.

Hapa niweke neno dogo kwa wazee wetu waliofanya kazi Gécamines. Mwenye ile kompanyi ya Hyundai alikuwa Billy Rautenbach, mutu wa Zimbabwe. Ni yeye yule ambaye Raisi Laurent-Désiré Kabila alimuweka mukubwa wa Gécamines mwezi wa 11 mwaka 1998, akakaa pale mpaka mwezi wa 3 mwaka 2000. Ni kusema, wakati kiwanda cha Gaborone kilikuwa kinakufa, mwenyewe alikuwa anaongoza shaba yetu ya Kolwezi na Likasi. Mimi sitoe fundisho lolote kwa neno hili. Ninasema tu kama habari ya magari ya jirani haiko mbali na nyumba yetu.

Watu wengine watasema: sawa, lakini kuunganisha ni kazi gani? Ni kufunga tu vis. Ndiyo na hapana. Gari inatoka kiwanda kikubwa katika masanduku: mashini, milango, vioo, viti, waya. Pale kwa jirani wanaunga vyuma kwa moto, wanapaka rangi, wanafunga, wanajaribu. Wakati mwingine hata rangi na kuunga vyuma vimekwisha kufanyika kule mbali, na kazi iliyobaki ni ya siku chache. Serikali zinajua tofauti hii, na duane inapangwa kwa kuifuata. Wakati inchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zilianza duane ya pamoja mwaka 2005, waliandika 25 kwa mia juu ya gari iliyomalizika na 0 kwa mia juu ya gari ya masanduku inayoenda kwa kiwanda chenye ruhusa. Sasa fanyeni hesabu ya darasa la kwanza. Gari ya dola 20,000: duane 5,000. Gari ya masanduku: duane hakuna. Mwenye kiwanda amebaki na zile 5,000 mukononi. Tuseme kwa mufano anatumia 3,000 juu ya wafanyakazi, umeme, nyumba na vitu vinavyovunjika. Zinabaki 2,000. Ile 5,000 njo inajenga kiwanda. Ukiitosha, kiwanda kinaanguka, hata kama hangari iko nzuri namna gani. (Ninaomba wenzangu wa upande wa "ndiyo" wasome mustari huu mara mbili.)

Kenya walipata kuonja jambo hili kwa uchungu. Katikati ya miaka ya 1970 walijenga viwanda vitatu: Leyland kule Thika, General Motors kule Nairobi, na kimoja tena Mombasa. Kenya, Uganda na Tanzania walikuwa bado katika Jumuiya ya kwanza, na mutu aliweza kuota soko la inchi tatu. Lakini mwaka 1977, wakati viwanda vile vilikuwa vinaanza tu kutoa magari, Jumuiya ilivunjika na mupaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Tanzania nayo ikaanza kuunganisha makamio yake ya Scania kule Kibaha. Zambia kule Livingstone walikuwa wanaunganisha Fiat. Kila mutu na kiwanda chake kidogo, na hakuna mumoja aliyeshiba. Kiisha katika miaka ya 1990 Kenya ilifungua mulango kwa gari za Japani zilizokwisha kutumiwa, bei chini, na viwanda vikabaki vinafanya kazi na nguvu kidogo tu kati ya nguvu zao. Kile cha Nairobi hakikufa. Tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa na kinaunganisha makamio na mabasi. Kamio na basi zinavumilia kuliko gari ndogo, kwa sababu basi unaijengea kichwa na mwili palepale, kufuatana na barabara yako na abiria wako.

Na sisi? Tulikuwa nacho! Wanafunzi wengi hawajui. Miaka ya 1970 General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Kinshasa. Muzee mumoja wa hapa Base aliponisikia ninasema habari hii alisema: "We mutoto, mimi mwenyewe nimeendesha Bedford." Lakini masanduku yanalipwa kwa dola, na dola zetu zilitoka kwa shaba. Bei ya shaba ilianguka tangu 1974 na 1975, dola zikakosa katika inchi yote, na kiwanda ambacho kinangoja masanduku ni kama mupishi anayengoja unga. Leo hakiko tena. Na hata wakati kilikuwa kizima, Kinshasa na Kamina havikuunganishwa na barabara ambayo gari mupya ingepita bila kuzeeka njiani. Kwa mutu wa Kamina, Durban ni karibu kuliko Kinshasa. Hili si neno la kuchekesha. Kutoka Durban unafuata lami mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi.

Ngambo ni vilevile, lakini kwa ukubwa wa kutisha. Mexico mwaka 2024 ilijenga magari karibu milioni 4, na zaidi ya milioni 3 yalitoka inje, mengi sana kwenda Marekani. Tangu mwezi wa kwanza 1994 magari yalivuka mupaka ule bila duane kama yamefuata kanuni, na mushahara wa Mexico uko chini sana ya ule wa Detroit. Wafanyakazi wa Marekani walilalamika, na katika mapatano mapya ya mwaka 2020 wakaandika kama 75 kwa mia ya gari lazima itoke katika zile inchi tatu, Marekani, Mexico na Canada, na sehemu kubwa ya kazi ifanywe na watu wanaolipwa angalau dola 16 kwa saa. Kiisha mwezi wa 4 mwaka 2025 Marekani ikaweka duane ya 25 kwa mia juu ya magari kutoka inje, na wenye viwanda wakaanza kuhesabu upya. Morocco nako, Renault ilifungua mwaka 2012 kiwanda cha Tangier, chenye nguvu ya kutoa magari 340,000 kwa mwaka. Ulaya iko ngambo ya maji, kilometre 14 tu pahali ambapo bahari ni nyembamba. Linganisheni na Volkswagen ya Kigali iliyofunguliwa mwezi wa 6 mwaka 2018: nguvu yake ni magari 5,000 kwa mwaka. Ni kitu kizuri, lakini ni kitu cha kipimo kingine kabisa. Rwanda wanapita upande wa kuume kama sisi, na kwa karatasi gari ya Kigali ingefaa Bukavu na Goma. Kwa karatasi. Juu ya vita sitaandika mengi, kwa sababu baba za rafiki zetu wengi hapa Base ni askari, na wengine wako kule sasa hivi. Ninasema tu kama kiwanda cha jirani kinataka jirani ambaye unaweza kupita mulangoni kwake.

Sasa rafiki yangu ambaye aliongoza upande wa "ndiyo" alinisimamisha karibu na bomba la maji, akanipiga na jibu moja ambalo nilikosa usingizi juu yake. Aliniambia: "We unacheka kuunganisha. Lakini Hyundai yenyewe ilianza namna gani?" Nilienda kutafuta. Ana haki. Hyundai ilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 1968 kule Ulsan ilikuwa inaunganisha Ford Cortina ya Waingereza, kutoka masanduku, sawasawa na watu wa Gaborone. Kama miaka minane nyuma yake ilikuwa inatoa gari yake yenyewe, Pony. Na miaka 25 nyuma ya Cortina ya kwanza, ni Hyundai ambayo ilikuwa inatuma masanduku Gaborone! Basi masanduku yale yale, kwa mumoja yalikuwa masomo, kwa mwingine yalikuwa dirisha la kupitia.

Tofauti ilitoka wapi? Mimi ninaona hivi, na walimu watanirekebisha. Serikali ya Korea haikuridhika na kufunga vis. Ilisukuma kompanyi: mwaka huu piyesi hizi mutengeneze hapa, mwaka kesho hizi tena, na soko la kwao ilifungia gari za wageni. Kila sanduku lililofika lilikuwa na vitu vichache kuliko lile la mbele yake. Gaborone sanduku lilibaki sanduku. Soko halikuwa lao, sheria haikuandikwa nao, na mwenye kuandika sheria alikuwa mushindani wao. Siku ile jirani alibadilisha mustari, hawakuwa na kitu cha kushika.

Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 13, kuna habari ambayo tunaisoma upesi kwa sababu tunakimbilia vita. Inasema kama katika Israeli yote hakukuwa mufuachuma, maana Wafilisti hawakutaka Waebrania wajifanyie silaha. Na kila Mwisraeli alishuka kwa Wafilisti kunoa jembe na shoka yake, na alilipa. Walikuwa na mashamba, walikuwa na mikono, walikuwa hata na jembe. Kilichokosekana ni mahali pa kunolea. Nilipoisoma tena niliwaza muyomba wangu, ambaye iko na kamio ndogo ya kubeba mahindi kutoka vijijini. Mwaka uliopita rasoro moja ilivunjika. Kipande cha chuma tu, kilichopindwa na kupikwa kwa moto. Alingoja majuma matano mpaka piyesi ifike kutoka Lubumbashi, na ile piyesi ilikuwa imetoka ngambo, imepita bandari ya inchi nyingine, na duane ya mipaka miwili. Mahindi yalioza. Na sisi tunakaa juu ya chuma na shaba.

Hapa njo ninaachana na upande wa "ndiyo", na hata na upande wangu mwenyewe wa "hapana". Mimi sitaki kiwanda cha magari katika hangari ya Base. Kama kesho mutajiri analeta masanduku, anapata ruhusa ya 0 kwa mia, anafunga Hilux 500 kwa mwaka nyuma ya ukuta, na gazeti linaandika "Gari ya kwanza ya Kamina", mimi nitapiga makofi kwa adabu na nitahesabu miaka mpaka afunge. Ningependa kwanza garaji moja ambayo inajua kupika rasoro. Watu wanane, tanuru, umeme wa hakika. Haipigwi picha, lakini mahindi ya muyomba yangefika.

Umeme! Wote munaijua ile waya kubwa inayotoka Inga, kilometre 1,700, iliyomalizika mwaka 1982, inayopita juu ya inchi yetu ya Haut-Lomami kwenda Kolwezi kwa ajili ya migodi. Inapita juu, haishuke. Wanafunzi wa internat wanasoma na lampe ya betri ndogo chini ya waya yenye nguvu ya kuendesha migodi mizima. Wenye kutafuta mahali pa kiwanda wanauliza umeme mbele ya kuuliza shaba, maana shaba inabebeka, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, rangi ya gari inaharibika, na unaanza upya.

Kuna jambo lingine, na hili ni letu zaidi. Gari za leo zinaanza kuendeshwa na betri, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia inatoka katika udongo wa Kongo, mingi kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Manono, kaskazini yetu, kuna lithium. Mwaka 2021 katika mukutano wa Kinshasa walionyesha hesabu ya watu wa BloombergNEF: kujenga kiwanda cha kutengeneza unga wa kwanza wa betri, tani 10,000 kwa mwaka, kungegharimu Kongo dola milioni 39, karibu mara tatu chini ya Marekani. Na tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi Lusaka kufanya kazi ile pamoja. Mwezi wa 12 mwaka ule ule Marekani nayo ikatia sahihi ya kusaidia.

Hapa ulizo la magari ya jirani linarudi, lakini limegeuka. Kama mapatano haya yatafuatwa, kiwanda kitawekwa upande gani wa mupaka? Zambia iko na lami, mara nyingi iko na makaratasi yanayoenda upesi, na mwenye feza anapenda makaratasi yanayoenda upesi. Sisi tuko na kobalti. Nilisikia mwanafunzi mumoja akisema "wakiweka Ndola, wametuibia". Mimi sioni hivyo. Kama duane ya Kasumbalesa inakuwa moja, kama kwa Gaborone na Johannesburg, kiwanda cha Ndola kinaweza kununua kwetu unga uliokwisha kutengenezwa badala ya udongo, na mutoto wa Kamina anaweza kufanya kazi pale bila kujificha. Lakini kama kila mumoja anashika mustari wake na kubadilisha anapotaka, basi itakuwa Gaborone tena, na safari hii sisi tutakuwa masanduku.

Tuliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki: wakuu wa inchi walitukubali tarehe 29 mwezi wa 3 mwaka 2022, na Raisi Tshisekedi akatia sahihi Nairobi tarehe 8 mwezi wa 4. Kwa hiyo mistari ile ya 25 na 0 sasa ni habari yetu pia. Nani kati yetu ameisoma? Sisi wa komersiali tunajifunza kuandika vitabu vya hesabu vya duka, tunajifunza faktire, tunajifunza fiskalite. Sijaona hata somo moja ambapo tulichukua tarifa ya duane, tukaifungua, tukauliza: mustari huu unajenga nini, unabomoa nini, nani aliomba uandikwe? Watu wa Gaborone waliisoma vizuri sana. Shida yao ilikuwa kama hawakuwa na mukono katika kuiandika. Sisi hata kusoma bado. Mwaka huu tunapita mutihani wa Serikali, kiisha wengine wataenda Lubumbashi, wengine Kasumbalesa kubeba mizigo na kuandikia watu deklarasio. Watakaa mwaka mzima mbele ya karatasi ile.

Ninamuomba bwana musimamizi wa mabishano atupe kichwa kingine kwa mwezi ujao. Asiandike tena "Je, Kongo inaweza". Aandike: "Kiwanda cha betri: Kolwezi ao Ndola?" Kila upande ulete tarifa ya duane mukononi. Ile karatasi ya namba za gari tisa iko kwangu; anayetaka kuijua Hilux yake imetoka wapi anione saa ya mapumziko, lakini aje na ruhusa ya mwenye gari.